Wanasema Yeye Ndiye Aliyeleta Funda

Wageni wengi wa shule huanzia ofisini kwa mwalimu mkuu. Afisa, yule mama wa elimu wa manispaa yetu, alianzia dawati la mwisho. Alivua viatu vyake vya ofisini getini, akavaa kandambili alizozibeba kwenye mkoba, akapita nyuma ya madarasa ili asisikike, kisha akaingia na kukaa na watoto kule nyuma ambako mwalimu alikuwa hajafika tangu muhula uanze. Hakuuliza majina. Alitoa mkobani kitu chochote chenye maandishi, karatasi ya sabuni, kipande cha gunia la saruji, tiketi ya basi, akamsogezea mtoto aliye karibu.

"Nisomee."

Hilo neno moja liliwatetemesha walimu wakuu wa mji mzima, kuanzia Ujiji hadi Kibirizi. Mtoto wa darasa la tano mwenye daftari safi na alama za vyema ukurasa mzima angeitazama ile karatasi ya sabuni kama anayetazama ukuta. Ndipo Afisa angenyanyuka, aende ofisini, akatae kiti na kusema kwa sauti ya chini kabisa, "Mwalimu, mtoto wako ana mwandiko mzuri sana wa kunakili."

Nayaandika haya nikijua kwamba simwandiki kwa moyo mweupe. Mimi ni fundi wa kutengeneza mashine za cherehani, pale Mwanga, karibu na soko. Shule niliishia darasa la saba. Yaliyobaki nimejisomea mwenyewe, na nimeyasoma kwa mpango: kamusi nimeisoma tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho, kisha nikairudia. Afisa alikuwa na shahada, gari la ofisi, na watu waliomsikiliza kabla hajafungua mdomo. Kwa miaka yote aliyokaa kwetu nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake, nacho ni kumsikia akitamka mbele za watu ni wapi alikoyapata maneno mawili aliyosifiwa nayo.

Nianze na Kiswahili chake, kwa sababu ndicho kilichonichoma kwanza. Alitoka Tanga. Maneno yalimtoka yamenyooka, kila moja na mahali pake. Sisi wa huku Kiswahili chetu kimepitia Kiha kabla ya kufika mdomoni, na wageni hutuchekea kwa hilo. Basi yeye alipojaribu Kiha ilikuwa vurugu. Alijifunza salamu moja, mwakeye, ambayo ni ya asubuhi, akawa anaitoa saa kumi jioni, msibani, harusini, hata kwenye simu. Wanawake wa sokoni walimpenda kwa ajili hiyo. Walimwita makusudi.

"Afisa, mwakeye!" jua linazama.

"Mwakeye, mwakeye, mama zangu!"

Walicheka hadi wakashika mbavu, halafu wakamwongezea dagaa. Mimi nikikosea ngeli moja kwenye mkutano wa kamati ya shule, mwalimu mkuu hunisahihisha papo hapo, na hakuna anayeniongezea dagaa.

Alipenda sana migebuka, samaki wa ziwa letu, iliyokaangwa kwa mawese, na aliila kwa mikono miwili, mtu mwenye cheo. Lakini ziwa lenyewe aliliogopa. Katika miaka yote hiyo hakupanda mtumbwi hata mara moja. Akiwa kwenye shule zilizo ufukweni alikaa ameyapa maji mgongo, akisema, "Ziwa lenu linanitazama." Alisema kelele za watoto zinamuumiza kichwa, na hata hivyo ni yeye aliyeamuru kila darasa lisome kwa sauti kila asubuhi. Na hili nilikuwa nalisema kila mahali: mtu huyo aliyepigania shule za serikali mchana kutwa, mtoto wake mwenyewe alikuwa shule ya bweni ya kulipia, mkoa mwingine.

Nilimwambia mke wangu hilo kana kwamba nimefumania wizi.

"Na wewe je?" akanijibu bila kuinua kichwa. "Cherehani yangu hapa ndani imekufa tangu mwaka jana, na wewe unatengeneza za Mwanga nzima."

Mke wangu naye alikuwa upande wake. Jioni nilikuwa nasikia "Afisa kasema watoto wasilale na njaa," "Afisa kasema tuwaulize wamesoma nini, tusiwaulize wamepata ngapi." Mimi nilikuwa nimeyasema hayo hayo kwenye nyumba hiyo hiyo kwa miaka. Nilipomkumbusha alisema, "Wewe unasema kama unagomba. Yeye anasema kama anakuomba chumvi." Na ilikuwa kweli.

Sasa nieleze habari ya neno.

Mwaka wake wa kwanza kwetu, Afisa alitaka wazazi na walezi waingie madarasani, wakae na watoto wao, waone wenyewe. Gari la matangazo likapita mitaani na kwenye njia za kwenda Simbo: "Jumamosi, wazazi na walezi wote mfike shuleni, msome pamoja na watoto wenu!" Alilitunga tangazo hilo yeye mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha Tanga.

Jumamosi ile uwanja wa shule yetu ulijaa, na waliojaa zaidi ni akina bibi, maana watoto wengi huku wanalelewa na bibi zao. Kila bibi alikuja na kikombe. Vikombe vya bati, vya plastiki, vibuyu vidogo vyenye shingo. Walikaa chini kwa mistari, wamevishika magotini, wakasubiri. Afisa akawatazama, akamtazama mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akatazama juu.

"Bibi zangu, hivi vikombe ni vya nini?"

"Si umetuita tusome?" akajibu bibi mmoja wa mbele, sauti kavu. "Tumekuja kusoma. Uji uko wapi?"

Walimu wakaanza kucheka. Afisa hakucheka, lakini hakuelewa, na nilimwona akianza kuona aibu, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake kabla wala baadaye. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni kama mjumbe wa kamati. Nikamsogelea, nikamweleza. Kwa Kirundi, na kwa wazee wetu wa Kiha vilevile, gusoma ni kusoma maandishi, na pia ni kunywa kidogo, kupiga funda. Ukimkaribisha mtu kikombe kinachozunguka unamwambia asome. Bibi wale walijua vizuri kwamba kuna kusoma kwa kitabu. Lakini walijua pia kwamba wao hawajui kitabu, kwa hiyo wakiitwa wao kusoma, lazima iwe ni kwa mdomo.

Akanishika mkono. "Rudia. Kupiga nini?"

"Funda, mama. Funda la maji, funda la uji. Na kwenye kamusi liko karibu sana na kufunda, yaani kumfundisha mtu."

Kisha akawageukia akina bibi, akasema, "Mmekuja mahali penyewe. Mtasoma na uji mtakunywa." Akatuma mtu sokoni kutafuta unga, moto ukawashwa nyuma ya darasa la kwanza, na siku ile akina bibi walisoma kwa namna zote mbili: watoto waliwasomea huku wao wakinywa. Wengi wa watoto walishindwa kusoma. Bibi wa sauti kavu alikiweka kikombe chini na kusema, "Kumbe huyu miaka yote hii anakwenda kutembea tu." Nadhani shule za mji huu zilianza kubadilika katika dakika ile. Walezi walikuwa wamejionea kwa macho yao, na baada ya hapo hapakuwa na ripoti ya kuwadanganya nayo.

Wiki iliyofuata Afisa alikuja kwangu. Alikuwa amebeba sketi iliyofumuka pindo, akidhani mimi ni mshonaji. Nikamwambia mimi natengeneza mashine, nguo ni kwa jirani. Badala ya kuondoka alichungulia uani. Kule nilikuwa na watoto wa washonaji, waliokuja baada ya shule kwa sababu mama zao waliniomba niwafundishe kusoma. Nilikuwa nimewapanga kwenye mikeka: huku wa herufi, huku wa silabi, huku wa sentensi. Kwenye mkeka wa silabi msichana mrefu wa darasa la sita alikaa na mtoto wa darasa la pili, wakisoma pamoja ba, be, bi.

"Huyu mkubwa mbona yuko hapa?" akauliza.

"Ndiko aliko, mama. Mshonaji hakuulizi umri wako akakukatia nguo. Anakupima."

Akatazama mikeka muda mrefu, akaniaga, akaacha sketi yake mezani. Jirani aliishona. Hakuja kuichukua mwenyewe, alimtuma dereva.

Muhula uliofuata agizo lilishuka shule zote za manispaa. Kipindi cha kwanza cha kila siku watoto wanaacha madarasa yao, wanapangwa upya kwa kile wanachoweza kusoma, wa herufi na wa herufi, wa silabi na wa silabi, bila kujali darasa wala urefu. Kikiisha wanarudi kwenye madarasa yao ya kawaida. Kipindi hicho kikaitwa funda. "Umepiga funda leo?" ndivyo wazazi wanavyowauliza watoto mpaka sasa. Na mwalimu mkuu wetu alirudi kutoka semina akiwa amechangamka, akanisimamisha njiani.

"Fundi, huyu mama ana akili! Unajua katuambia nini? Eti mshonaji hakuulizi umri akakukatia nguo. Anakupima!"

"Kasema hivyo?"

"Hivyo hivyo! Sijui anayatoa wapi."

Nikamwambia nina haraka.

Nataka niwe sahihi hapa. Sidai kwamba alichukua mpango wangu. Alikuwa amefanya kazi mikoa mingine, amesoma vitabu ambavyo sikuviona, na inawezekana kabisa mikeka yangu ilimwonyesha tu jambo alilokuwa tayari analo. Mimi nilikuwa na ua mmoja. Yeye aliwahamisha walimu wagumu kama mamba, aliwatuliza viongozi, alipita shule moja moja na zile kandambili akihakikisha kwamba mwalimu bora amepewa watoto wa herufi, wala si wale wa mtihani. Mwalimu mmoja wa darasa la saba alimwambia kuwafundisha watoto wadogo ni kumshusha cheo. Afisa akamjibu, "Basi nishuke na wewe," akafundisha herufi naye kwa wiki nzima, mkutano baada ya mkutano ukimsubiri ofisini. Hayo singeyaweza. Lakini neno lilikuwa langu. Na mfano wa mshonaji ulikuwa wangu.

Kilichoniuma zaidi ni ua wenyewe. Watoto walipungua. Msichana yule mrefu alikuja siku moja kuniaga, amevaa sare, anasoma kwa sauti kibao cha duka la jirani ili nimsikie. "Shuleni sasa tunapiga funda, Fundi. Mama amesema nisikusumbue." Nilimpongeza. Nikakunja mkeka wa silabi, na miezi michache baadaye nikakunja wa sentensi. Nilikuwa nimetaka watoto wasome, wakasoma, na wote wakasema ni Afisa.

Siku alipohamishwa walimfanyia sherehe ukumbini. Nilialikwa kama mjumbe wa kamati. Nikasema nina mashine ya mtu.

Miaka ikapita, akastaafu huko alikokuwa. Funda lilibaki, lakini lilianza kulegea kama lilegeavyo jambo ambalo mwenyewe hayupo. Mwaka huu baadhi ya wazazi wa shule yetu wamekuja juu. Wanataka lifutwe, watoto wakae na wenzao wa darasa moja kutwa nzima. Mkubwa wao ni dereva wa bodaboda ambaye mwanawe wa darasa la sita yuko kundi la silabi. Mkutano wa wazazi ukaitishwa, na kamati ikanipa mimi kazi ya kulitetea funda, kwa kuwa, walisema, mimi napenda kusomasoma.

Siku moja kabla ya mkutano nilikwenda Mwandiga kutengeneza mashine. Pale kituoni, mbele ya meza ya mananasi, nikamwona. Amekonda, nywele zote nyeupe, mguuni kandambili. Alikuwa amekuja kwenye harusi ya binti wa mwalimu mmoja wa zamani.

Nilisimama nyuma ya gari nikamtazama akichagua nanasi. Nilijua mambo mawili. Nikisimama mimi mbele ya wazazi kesho, wataniona fundi anayesema kama anagomba, na funda linaweza kufutwa. Akisimama yeye, litabaki, na litakuwa lake milele. Nilijaribu kufikiri njia ya tatu, sikuipata. Nikamfikiria yule mtoto wa bodaboda kwenye kundi la silabi, ambaye nimemsikia akikaribia kabisa kuvuka kwenda la sentensi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwakeye!" Ilikuwa saa tisa mchana.

Hakunitambua. Nimeota mvi na ninavaa miwani. Sikumsaidia. Nilimwambia tu kwamba mimi ni wa kamati ya shule, nikamweleza jambo lililopo, nikamwomba aje. Aliuliza swali moja: "Wanasoma?" Nikasema wanasoma. Akasema atakuja.

Mkutano ulijaa, nikasimama mlangoni kwa kukosa pa kukaa. Nilisema yangu kutoka pale pale, kwa mpangilio, hoja baada ya hoja, na niliona macho yakizunguka dari. Kisha dereva wa bodaboda akasimama.

"Mwanangu ana sauti ya kiume sasa! Anakaa na watoto wanaolilia kalamu! Wenzake wanamwita babu wa silabi. Ninyi mngekubali?"

Watu wakapiga makofi. Afisa akanyanyuka pole pole, akasubiri makofi yaishe.

"Baba, hilo shati ulilovaa, ulishonewa?"

"Nilishonewa, ndiyo."

"Fundi alikuuliza umri wako?"

"Alinipima."

"Haya. Maneno hayo si yangu," akasema Afisa, na mimi nikashika fremu ya mlango. "Yalikuwa ya mzee mmoja hapa Mwanga, fundi wa cherehani. Ndiye aliyenipa hata hilo neno funda, siku mama zangu walipokuja na vikombe. Tangu nihame hapa nimelisema jina la kazi yake kila mkoa niliofanya kazi, kila semina. Jina lake lenyewe sikulishika, na hiyo ni aibu yangu. Baadaye niliagiza aletewe salamu, nikaambiwa yule fundi wa mashine pale sokoni amefariki. Mungu amrehemu. Mkilifuta funda leo, mjue mnafuta kazi ya marehemu."

Ni kweli tulikuwa wawili pale sokoni tuliokuwa tukitengeneza mashine, na mwenzangu alifariki. Nami nilikuwa na miaka arobaini siku ile ya vikombe, sikuwa mzee.

Muuza dagaa mmoja aliyekaa karibu na dirisha ndiye aliyeangua kicheko.

"Marehemu gani, Afisa? Si huyo hapo ameshikilia mlango!"

Chumba kizima kikageuka kunitazama. Dereva wa bodaboda alicheka hadi akakaa, na baada ya kukaa hakusimama tena. Mwenyekiti aliuliza wanaotaka funda libaki wanyooshe mikono, na mikono ikapanda huku watu bado wanafuta machozi ya kucheka.

Afisa alipita katikati ya viti akaja mpaka pale mlangoni. Alivua miwani yake akaniangalia karibu, kama alivyokuwa akiwaangalia watoto wa dawati la mwisho. Yeye ni mkubwa kwangu kwa zaidi ya miaka kumi. Miaka yote ni mimi niliyemwamkia.

Akapiga goti kidogo, mbele ya wazazi wote.

"Shikamoo, marehemu."

Ningeweza kumzuia, kama adabu inavyotaka. Sikumzuia.

"Marahaba," nikasema.